Dodoso la HSE la msongo wa kazini: maswali 35 ya bure, kazi inaanza baada ya majibu

Kila inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ofisi nyingi hurudia ratiba ile ile. Mtoa mada anaalikwa, fulana zinachapishwa, watu wanafundishwa kuvuta pumzi polepole, wanapiga picha ya pamoja, na saa nane mchana kila mmoja amesharudi kwenye meza yenye mafaili yale yale na msimamizi yule yule. Kuvuta pumzi hakuna ubaya. Lakini mtu anayefanya kazi ya watu watatu ataendelea kuwa anafanya kazi ya watu watatu hata akivuta pumzi vizuri namna gani.

Dodoso tunalolipitia hapa linaanzia upande mwingine kabisa. Halimuulizi mfanyakazi anapata usingizi kiasi gani wala kama ana huzuni. Linamuuliza kazi yake imepangwaje: anapewa muda wa kutosha, anaambiwa anachotarajiwa kufanya, ana sauti kuhusu namna ya kuifanya, na akikwama yupo wa kumshika mkono? Linaitwa Management Standards Indicator Tool, na limetengenezwa na Health and Safety Executive, maarufu kama HSE, mamlaka ya serikali ya Uingereza inayosimamia usalama na afya kazini. Mwajiri yeyote duniani anaweza kulipakua bure, na ndiyo maana linastahili kuangaliwa kwa makini na ofisi za huku kwetu kabla hazijalipa mshauri kwa kazi hiyo hiyo.

Lilikotoka

Viwango vya HSE vya kusimamia msongo vilizinduliwa mwaka 2004, na havikuja kwa ukarimu tu. Mwaka 1994 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Walker dhidi ya halmashauri ya Northumberland. Walker alikuwa msimamizi wa maafisa ustawi wa jamii. Alizidiwa na kazi akaugua, alipopona akarudi, akakuta mzigo uko vile vile, akaugua tena na hakurudi. Mahakama ikasema kwamba mara ya kwanza mwajiri angeweza kujitetea kuwa hakujua, lakini mara ya pili alikwishaonywa. Kisha mwaka 2003 HSE ikaiandikia hospitali moja ya umma, West Dorset, notisi ya kuitaka ishughulikie msongo wa wafanyakazi wake. Hiyo ilikuwa notisi ya kwanza ya aina yake. Waajiri wakataka kujua watapimwa kwa kipimo gani, na dodoso hili ni sehemu ya jibu.

Tatizo lenyewe halijaisha huko. Takwimu za HSE za mwaka 2023/24 zinaonyesha wafanyakazi 776,000 wa Uingereza wenye msongo, sonona au wasiwasi uliosababishwa au kuzidishwa na kazi, na siku za kazi milioni 16.4 zilizopotea kwa sababu hiyo. Dodoso ni kifaa cha kutafuta chanzo. Dawa halina.

Ndani ya fomu

Maswali ni 35. Yale 23 ya kwanza yanajibiwa kwa kipimo cha mara ngapi: kamwe, mara chache, wakati mwingine, mara nyingi, siku zote. Kuanzia la 24 hadi la 35 kipimo kinabadilika kuwa cha kukubali na kukataa, kutoka "nakataa kabisa" hadi "nakubali kabisa". Mtu aliyezoea fomu anamaliza kwa dakika kama kumi.

Maswali hayajapangwa kwa mada. Yamechanganywa makusudi, ili mtu asikutane na maswali manane mfululizo ya mzigo wa kazi akaanza kujibu kwa mazoea. Ukiyakusanya, yanaingia kwenye mafungu saba: mzigo wa kazi maswali 8, uhuru wa mtu juu ya kazi yake 6, msaada wa meneja 5, msaada wa wenzake 4, mahusiano 4, uelewa wa wajibu 5, na namna mabadiliko yanavyoendeshwa 3. HSE yenyewe huhesabu maeneo sita kwa sababu inaunganisha misaada miwili kuwa mmoja, lakini kwenye matokeo ni vizuri kuitazama mbali mbali. Ofisi nyingi zina wenzao wanaosaidiana vizuri chini ya bosi asiyesaidia mtu. Ukichanganya alama, wenzao wanamfichia bosi aibu.

Fungu la mabadiliko ni jembamba mno. Kwa maswali matatu tu, hasira ya wiki moja kuhusu kuhamishwa ofisi inatosha kulishusha lote. Lisome kwa tahadhari.

Kuna njia mbili za kulitumia. Ya kwanza ni fomu yenyewe ya kuchapisha au kunakili, pamoja na faili la Excel linaloitwa Analysis Tool ambalo unaingiza majibu nalo linapiga hesabu. Hii ni bure. Ya pili ni toleo la mtandaoni linalotuma kiungo kwa wafanyakazi na kutoa ripoti lenyewe. Hili ni bure kwa wafanyakazi wasiozidi 50, wakizidi unanunua leseni. Kwa ofisi ya watu 200 yenye mtu mmoja anayejua Excel, hatuoni sababu ya kununua.

Hesabu inavyoharibika

Hapa ndipo watu wengi wanaotengeneza fomu yao wenyewe kwenye Google Forms wanapoanguka. Kila fungu linapata alama kati ya 1 na 5, na 5 daima ina maana ya hali nzuri. Kwa maswali 23 kati ya yote 35 (si yale 23 ya kwanza) hesabu ni ya moja kwa moja: "siku zote" au "nakubali kabisa" ni 5. Lakini maswali 12 yanageuzwa, kwa sababu yanauliza jambo baya. Haya ni maswali yote manane ya mzigo wa kazi, yaani la 3, 6, 9, 12, 16, 18, 20 na 22, na yote manne ya mahusiano: la 5, 14, 21 na 34. Hapo "siku zote" ni 1 na "kamwe" ni 5; kwa la 34, "nakubali kabisa" ni 1 na "nakataa kabisa" ni 5.

Tuchukue swali la 18, linalohusu kukosa muda wa kutosha wa mapumziko, kwenye timu ya kupokea simu yenye watu 12. Watano wanajibu "siku zote", wanne "mara nyingi", wawili "wakati mwingine", mmoja "mara chache". Ukigeuza inavyotakiwa unapata 5 + 8 + 6 + 4, yaani 23, na wastani ni 1.92. Hali mbaya. Ukisahau kugeuza unapata 49 na wastani wa 4.08, na ripoti inapelekwa kwa mkurugenzi ikisema timu inapumzika vizuri sana. Faili la HSE linageuza lenyewe. Lahajedwali uliyoitengeneza usiku kwa haraka haitageuza.

Swali la 34 ndilo linaloponyoka zaidi. Linasema mahusiano kazini ni ya mvutano, na ni swali pekee la kugeuzwa katika yale 12 ya mwisho. Mtu anageuza vizuri kule mwanzo, anafika sehemu ya kukubali na kukataa, anaona yote yanaonekana mazuri, analiacha.

Kosa la pili ni kuamini wastani wa kampuni nzima. Weka watu 30 wa zamu ya mchana wenye wastani wa 4.2 kwenye mzigo wa kazi, na watu 10 wa zamu ya usiku wenye 1.8. Jumla ya wote ni 3.6, namba isiyomshtua mtu yeyote, huku robo ya wafanyakazi wakiwa wanazama.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, na linahusu maswali ya 5 na 21, yanayouliza kuhusu kunyanyaswa kwa maneno au matendo na kuhusu kuonewa kazini. Kati ya watu 40, wawili wakijibu kwamba wanaonewa siku zote na 38 wakajibu kamwe, wastani ni 4.8. Kwenye ripoti hiyo itang'aa. Maswali haya mawili yasisomwe kwa wastani kabisa. Hesabu tu ni wangapi walijibu "mara nyingi" au "siku zote". Hata akiwa mmoja, kuna jambo la kufanya. Kwa kuwa fomu haina jina huwezi kumfuata mtu huyo, wala usijaribu kumtafuta. Unachoweza ni kutangaza upya kwa wote njia ya kulalamika, jina la mtu wa kumwendea ambaye si msimamizi wa idara, na kwamba mlalamikaji hataadhibiwa.

Rangi zisikubabaishe

Matokeo ya HSE hutoka na rangi. Nyekundu ina maana uko kwenye moja ya tano ya mwisho ukilinganishwa na taasisi zilizotumika kuweka kipimo, na hatua za haraka zinatakiwa. Njano uko chini ya katikati, bluu uko juu ya katikati, kijani uko kwenye moja ya tano ya juu.

Taasisi hizo za kulinganisha ni za Uingereza. Kampuni ya usafirishaji ya Dar es Salaam au hospitali ya Kisumu ikipata njano, maana yake ni kwamba majibu ya watu wake yako chini kidogo ya majibu ya wafanyakazi wa Uingereza walio kwenye sheria tofauti, mishahara tofauti na mazoea tofauti ya kumsema bosi. Mfanyakazi aliyelelewa kutomkosoa mkubwa anaweza kumpa meneja "mara nyingi" kwa heshima tu. Ushauri wetu ni kuziweka rangi pembeni na kutumia namba zenyewe kwa mambo mawili: kulinganisha idara na idara ndani ya nyumba moja, na kulinganisha mwaka huu na mwaka ujao. Kwa kazi hizo mbili dodoso linafaa popote.

Kuhusu lugha: fomu ya Kiingereza kwa wahudumu, madereva na walinzi ni njia ya uhakika ya kupata majibu ya kubahatisha. Tafsiri, kisha mpe mtu mwingine ambaye hajaiona fomu ya mwanzo airudishe kwenye Kiingereza, ulinganishe. Angalia sana vipimo vya majibu. Ukiweka "mara nyingi" na "mara kwa mara" kwenye mstari mmoja watu watachagua ovyo, kwa kuwa wengi huzitumia kwa maana moja. "Wakati mwingine" kwa nafasi ya katikati inaeleweka zaidi. Wasomee watu watano wa ngazi ya chini kabla ya kuisambaza.

Kuiendesha bila kuwatisha watu

Fomu nzuri ikiendeshwa vibaya inaleta majibu ya woga, na majibu ya woga yote ni 4 na 5. Dalili yake ni rahisi kuiona: kurasa nzima zimejazwa safu moja kutoka juu hadi chini, hata kwenye maswali ya kugeuzwa, ambapo mtu anajikuta amekubali kwamba anaamua mwenyewe lini apumzike na kwamba hapati mapumziko ya kutosha kwa wakati mmoja.

Anza na kamati ndogo: mtu wa menejimenti mwenye uwezo wa kuidhinisha fedha, mtu wa rasilimali watu, mwakilishi wa usalama na afya, na mtu wa chama cha wafanyakazi kama kipo. Kenya, sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka eneo lenye wafanyakazi 20 au zaidi liwe na kamati ya usalama na afya, kwa hiyo chombo kipo tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni kukipa jambo hili likae kwenye ajenda pamoja na vizima moto.

Tangazo litoke wiki moja kabla, liseme mambo manne kwa lugha ya kawaida: kwa nini tunauliza, nani ataona majibu ghafi, matokeo yatatolewa tarehe ngapi, na kwamba hakuna jina. Kisha hakikisha kweli hakuna jina. Kwenye Google Forms zima kipengele cha kukusanya anwani za barua pepe. Kile cha kumzuia mtu kujibu zaidi ya mara moja kinamlazimisha aingie kwa akaunti yake, na hata kama anwani hairekodiwi, mfanyakazi akiona anaombwa kuingia kwa akaunti ya ofisi ataandika yale bosi anayotaka kusoma. Bora uvumilie hatari ndogo ya mtu kujibu mara mbili.

Maelezo ya mtu yasizidi mawili, kwa mfano idara na zamu. Ukiongeza umri, jinsia na miaka ya kazi, kule stoo kuna mwanamke mmoja tu mwenye miaka zaidi ya 50, na kila mtu anamjua. Kundi lenye watu chini ya 10 lisitolewe ripoti yake peke yake. Liunganishe na jingine. Taarifa hizi ni za binafsi, na Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina ya 2022. Anayezikusanya ndiye anayewajibika zikivuja.

Wasio na barua pepe wapewe karatasi na sanduku lililofungwa, liwekwe kantini au karibu na saa ya kuingilia. Fomu zisipitie mkononi mwa msimamizi wa zamu. Wafanya usafi na walinzi wanaoletwa na kampuni nyingine husahaulika karibu kila mahali, ilhali ndio wenye zamu ndefu; zungumza na mwajiri wao wajumuishwe.

Fomu ikae wazi wiki mbili. Epuka kufunga hesabu za mwezi, epuka msimu wa tathmini za utendaji, na epuka kabisa wiki inayofuata tangazo la kupunguza watu. Ofisi yenye watu chini ya 500 iulize wote, kuchagua sampuli kunaleta minong'ono tu. Waliojibu wakiwa chini ya nusu, jambo la kwanza la kuchunguza ni kwa nini nusu hawakuamini.

Baada ya alama

HSE imeliweka dodoso kama sehemu ya safari yenye hatua tano: kujua vyanzo vya hatari, kujua nani anaweza kuumia na vipi, kupima uzito wa hatari, kuandika na kutekeleza mpango, kisha kufuatilia. Dodoso linaishia hatua ya pili. Wengi huishia hapo pia, wakiwa na ripoti yenye rangi nzuri.

Alama haisemi kwa nini. Fungu la wajibu likipata 2.3 kwenye idara ya mauzo, inawezekana maelezo ya kazi hayajawahi kuandikwa, inawezekana yameandikwa lakini kuna mabosi wawili wanaotoa maagizo yanayopingana. Dawa zake ni tofauti kabisa. Ndiyo maana hatua inayofuata ni vikao vidogo vya watu 6 hadi 10 kutoka idara husika, bila meneja wao chumbani, vikiongozwa na mtu wa idara nyingine au wa nje. Saa moja na nusu inatosha. Waonyeshe alama zao, uliza maswali mawili tu: hii inatokeaje hasa, na kitu gani kikibadilishwa mwezi ujao kitapunguza? Andika maneno yao, usiandike majina. Kikao kikigeuka cha kumsema mtu mmoja, mwongozaji akirudishe kwenye kazi: ni agizo gani, lilitolewa lini, liliharibu nini.

Linganisha na kumbukumbu ulizonazo kabla hujaamua lolote: siku za ugonjwa, likizo zisizochukuliwa, walioacha kazi, saa za ziada. Fungu la mzigo likiwa chini, kabla ya kumwita mshauri fungua daftari la mahudhurio. Kwa Tanzania, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, kazi za ziada zisizozidi saa 50 katika kila wiki nne, mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ukikuta watu wanavuka hapo, huna tatizo la msongo la kulifanyia utafiti, una uvunjaji wa sheria wa kuurekebisha wiki hii.

Mpango wenyewe uingie ukurasa mmoja. Tatizo, kitakachofanyika, anayehusika kwa cheo, tarehe, na kitakachoonyesha kuwa kimefanyika. "Kuboresha mawasiliano" si kitendo. "Ratiba ya zamu itabandikwa siku 14 kabla, na kubadilishana zamu kutaidhinishwa na msimamizi ndani ya saa 24" ni kitendo. "Meneja wa mauzo pekee ndiye atakayetoa maagizo kwa timu ya mauzo; fedha ikitaka kitu itapitia kwake" ni kitendo. Mambo matatu yanayotekelezeka ndani ya miezi mitatu yanazidi ishirini ya mwaka mzima, kwa sababu wafanyakazi wanaangalia la kwanza tu. Likitimia watajibu kwa ukweli mwakani. Matokeo watangaziwe wote ndani ya mwezi mmoja, yakiwemo mabaya, tena kabla uvumi haujawafikia.

Rudia baada ya miezi 12 kwa maswali yale yale, bila kubadilisha hata neno moja. Kurudia kila baada ya miezi mitatu ni kuwachosha watu kwa maswali ambayo jibu lake bado hawajaliona.

Lisichouliza

Dodoso limeandikwa kwa mahali ambapo mshahara huingia tarehe yake. Haliulizi kuhusu mshahara kuchelewa, mkataba wa miezi mitatu mitatu usiojulikana kama utaongezwa, usafiri wa saa mbili kwenda na mbili kurudi, wala kutukanwa na wateja. Haliulizi moja kwa moja kuhusu rushwa ya ngono. Kwa ofisi nyingi za ukanda wetu hayo ndiyo yanayowanyima watu amani. Unaweza kuongeza maswali yako manne au matano, lakini yaweke mwishoni baada ya la 35, yahesabiwe peke yake, usiyachanganye na mafungu saba.

Pia si kipimo cha ugonjwa. Haliwezi kukuambia nani ana sonona, na mwajiri asijaribu kujaza pengo hilo kwa kuwapa watu vipimo vya kliniki kama PHQ-9, lile dodoso la maswali 9 la kupima sonona. Hicho ni chombo cha mhudumu wa afya, na swali lake la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru, jambo ambalo idara ya rasilimali watu haina la kulifanya ikiliona kwenye lahajedwali siku nne baadaye. Anayehitaji msaada apatiwe njia ya kumfikia mshauri nasaha au daktari bila meneja kujua. Mameneja nao wafundishwe jinsi ya kuzungumza na mtu aliyebadilika: faraghani, kwa kutaja walichokiona na si walichokisikia, na bila kumpa majina ya magonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 kuhusu afya ya akili kazini unapendekeza mafunzo ya mameneja, na kwa fedha kidogo za bajeti hapo ndipo tungeziweka kwanza.

Wapinzani wake

Mshindani wa kweli ni COPSOQ, dodoso la Denmark la hali ya kisaikolojia kazini, ambayo toleo lake la tatu lilitoka 2019. Inauliza hofu ya kupoteza kazi, mzigo wa hisia kwa wanaohudumia wagonjwa au wateja wenye hasira, na mgongano wa kazi na familia. Kwa hospitali, shule na mashirika ya misaada ni bora kuliko hili la HSE. Ubaya wake ni ukubwa: unachagua mafungu mwenyewe kutoka kapu kubwa, na asiye na mtu wa takwimu atapotea.

ISO 45003 ya 2021 si dodoso. Ni mwongozo wa kuingiza hatari za kisaikolojia kwenye mfumo wa usalama, unauzwa, na unaleta maana kwa kampuni ambazo tayari ziko kwenye ISO 45001, kiwango cha kimataifa cha mfumo wa usalama na afya kazini. Huduma za ushauri nasaha kwa simu zinazouzwa kwa waajiri ni jambo jingine. Zinamsaidia aliyekwisha kuumia, na ni vizuri ziwepo, ila muuzaji akikuambia zitapunguza mzigo wa kazi mwulize kwa njia gani.

Uamuzi wetu

Kwa mwajiri mwenye watu kati ya 50 na 500, wenye idara zinazotofautiana, hili ndilo dodoso la kuanza nalo. Ni fupi, ni bure, limeshatumika kwa miaka mingi, na namba zake zinaelekeza kidole kwenye mpangilio wa kazi badala ya udhaifu wa mtu. Tungeliongezea alama kama lingekuwa na fungu la usalama wa ajira na kama la mabadiliko lingekuwa na maswali mawili zaidi.

Asilitumie mwajiri ambaye ameshaamua hatabadilisha kitu. Hilo si suala la maadili tu. Duru ya pili ya majibu katika ofisi ya namna hiyo huwa haisomeki: nusu hawajibu na waliobaki wanajaza safu ya katikati.

Na kama ofisi yako ina watu chini ya 20, achana na maswali 35. Hakuna siri inayoweza kutunzwa kwenye kundi dogo hivyo, kila jibu litatambulika. HSE ina kijitabu kingine cha bure, Talking Toolkit, chenye mazungumzo sita yaliyoandaliwa, moja kwa kila eneo. Meneja anakaa na mfanyakazi, anauliza yaliyoandikwa, wanaandika pamoja watakachokibadilisha. Fanya eneo moja kwa mwezi, anza na mzigo wa kazi, na la mahusiano liachie hadi mwezi wa nne au wa tano, watu wakiwa wameshaona kwamba waliyoyasema kuhusu zamu na mapumziko yamefanyiwa kazi.